Mng'ao wa Bakuli la Kombe

Haya nayaandika kwa mkono wangu wa kulia. Msomaji ataona si ajabu, maana kila mtu huandika kwa mkono huo. Lakini kwa miezi kumi na mmoja mkono wangu huu ulining'inia kwenye kifundo, vidole vikitazama chini, na hata nikiugombeza haukuinuka. Sasa umeinuka. Bado hutetemeka nikiandika mistari mirefu, na mara nyingine kalamu huniponyoka bila kuniaga, basi msinicheke mkiona herufi zimelala.

Naandika kwa ajili ya mwanamume aliyeketi mahali fulani, hapa Amu au Faza au Kiwayu, ambaye nyumba yake haina mtoto na mkewe ndiye anayelaumiwa. Mimi niliketi hapo miaka minne. Najua jinsi mtu anavyoweza kujikunyata ndani ya aibu yake mpaka asiulize swali moja ambalo lingemsaidia. Jina langu ni Athumani, na kazi yangu ni kutia bati vyombo vya shaba.

Kwa asiyeijua kazi hii, shaba tupu haifai kupikia. Chakula kikilala ndani yake hugeuka kijani na kutapisha watu. Kwa hiyo sufuria kubwa za harusi, masinia na mabirika huletwa kwa fundi, naye huyapaka bati ndani. Kwanza chombo husuguliwa. Mimi nilikuwa nikivua viatu, nikiingia ndani ya sufuria pamoja na mchanga na majivu, nikishika ukuta kwa mikono na kukizungusha kiuno huku na huko, miguu ikisugua mpaka shaba ionekane nyekundu. Wapita njia walikuwa wakisema fundi anacheza ngoma peke yake. Kisha huja moto na mvukuto, na nishadiri, chumvi ya mafundi inayotoa moshi mweupe wa kuchoma koo, halafu kijiti cha bati hugusishwa kwenye shaba ya moto, kikayeyuka, na fundi hulifuta lile bati kwa pamba haraka lienee kabla halijapoa.

Marehemu baba alinifundisha jambo moja kabla ya mengine yote. Kijiti cha bati safi ukikikunja karibu na sikio, hulia. Ni sauti ndogo ya kukwaruza, kama ya mtu anayetafuna chumvi ya mawe. Bati lililochanganywa na madini ya risasi hukunjika kimya. Baba hakupokea kijiti dukani bila kukikunja kwanza, na watu walimsubiri huku akitega sikio kama mganga.

Baba alipofariki, nilianza kuchanganya. Sitawaficha. Masanduku ya majani ya chai yanayotoka Bara Hindi yana karatasi ya risasi ndani, na dukani waliitupa tu. Nikaiokota, nikaiyeyusha pamoja na bati langu. Wengi watadhani nilifanya hivyo kwa ubahili. Laiti ingekuwa hivyo, maana bahili angalau anajua amefanya nini. Mimi nilifanya kwa ajili ya mng'ao. Mchanganyiko ule uliyeyuka mapema, ukateleza chini ya pamba bila kuganda vipande vipande, na ulipopoa chombo kilimetameta mpaka mtu akaona meno yake ndani. Wanawake walikuwa wakiniletea vyombo kutoka Faza na Kiwayu kwa mashua, wakisema bati la Fundi Athumani halina mwenziwe. Nilipenda kusikia hayo. Nilikuwa nikijifanya siyasikii ili wayarudie.

Nilioa Kipungani. Mke wangu ni Mwana Esha, binti wa Bwana Famau, msusi wa mikeka ambaye vidole vyake vinakwenda hata akisinzia. Kwa harusi yetu nilivitia bati upya vyombo vyote vya jikoni mwake, kuanzia sufuria hadi birika, na nikavipanga kwenye zidaka, yale matundu ya ukutani, ili wageni wavione. Mwaka ule ule akashika mimba.

Ilitoka mwezi wa tano. Alikuwa mtoto wa kike, mkubwa kama kiganja. Alizaliwa bila sauti. Mwalimu Shee, aliyetusomesha sote mtaani kwetu, alisema tumpe jina na tumzike, nasi tukafanya hivyo. Jina hilo sitaliandika hapa. Nilimbeba mwenyewe ndani ya kitambaa, na njia nzima nilikuwa nikihofia kwamba watu watadhani nimebeba kifurushi cha kazi.

Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Kaskazi moja ikaja ikapita, na kusi, na kaskazi nyingine. Mama yangu, Bi Rukia, ni mwanamke mwema, lakini ulimi wake haujui kukaa. Akaanza kuhesabu siku za Mwana Esha kuliko Mwana Esha mwenyewe alivyozihesabu. Alimpeleka kwa wakunga, akamkandisha tumbo, akamvukiza. Jioni moja alikuja uani akanambia mbele ya mke wangu:

"Mwanangu, shamba halioti. Mume hakatazwi kutafuta shamba la pili."

Mwana Esha alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho. Alingoja niseme neno, nami nikasema nina kazi ya kumalizia. Nikatoka. Hilo ni moja kati ya mambo yanayonirudia.

Wakati huo mwili wangu ulikuwa umeshaanza kuniambia habari zake, ila sikutaka kuzisikia. Kinywani nilikuwa na ladha ya utamu utamu kama nimelamba ufunguo. Rangi ilinitoka, mpaka watu wakaniuliza kama nina homa. Kisha likaja tumbo. Lilikuwa likinikamata hapa kitovuni na kunikunja, nikalala sakafuni na kukandamiza mto kwa magoti, na jasho likanitoka la baridi. Choo kilifunga siku sita, saba. Wanaume wenzangu wakasema ni mshipa, na wakacheka kidogo, maana mshipa ni jambo la kuchekwa mpaka ukufike wewe. Nilipigwa chuku ya kunyonya damu mgongoni na tumboni. Nilikunywa mafuta ya mbarika. Kilichonipa nafuu ya siku mbili tatu ni maji ya ukwaju, basi Mwana Esha akawa ananilowekea ukwaju kila siku katika birika letu zuri la harusi, ukalala humo, nami nikanywa asubuhi kabla ya kitu kingine. Mara nyingine yeye naye alikunywa kikombe, kunipa moyo.

La kitandani nitalisema kwa ufupi, kwa sababu ndilo linalowafanya wanaume wanyamaze. Nguvu ziliniacha. Si kwa siku moja, ziliondoka taratibu mpaka nikawa nachelewa msikitini kwa makusudi, ili nikirudi nimkute mke wangu amelala. Yeye alikuwa akijifanya amelala. Tuliishi hivyo, kila mtu akimwonea haya mwenziwe.

Hatimaye Mwana Esha mwenyewe ndiye aliyesema. "Mamako anipeleka kwa waganga miaka mitatu. Sikatai. Lakini yeo nataka kuuliza: ni mimi peke yangu? Twende sote kwa Mwalimu. Nikinywa, nawe unywe."

Mwalimu Shee alitukubalia kombe. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe ya kaure, akaziosha kwa maji ya waridi, kama inavyofanywa siku zote. Desturi ni kunywa pale pale. Lakini tulitakiwa kunywa siku arubaini, na Mwalimu alikuwa mzee wa miguu mibovu, basi nikapendekeza aandike mara moja kwa juma, nasi tuweke maji yake nyumbani.

"Weka katika chupa," akasema.

"Maneno ya Mwenyezi Mungu, Mwalimu? Katika chupa ya siki?" Nilikuwa na jambo langu. Nilikuwa na bakuli la shaba lenye kifuniko, kazi ya zamani ya hapa hapa Amu, na kwa siku tatu nililishughulikia hilo tu. Nililisugua, nikalitia bati mara mbili, mpaka ndani likawa linang'aa kama kioo cha Ulaya. Nilipomletea Mwalimu alilitazama, akatabasamu.

"Sahani yangatosha, Fundi."

"Sahani kila mtu anayo," nikajibu.

Basi kombe likawekwa humo, juma baada ya juma. Mama aliongeza ndimu, akisema ndimu hufukuza hasidi, na alikamulia mbili nzima kila mara kwa mapenzi. Tulikunywa sote wawili, alfajiri na magharibi, tukielekea kibla. Sijawahi kunywa kitu kwa imani kama ile. Nililishika bakuli lile kwa mikono miwili na kuona uso wangu ukitikisika chini ya maji ya zafarani, na nikaomba mtoto.

Siku arubaini zikaisha, nikaomba arubaini nyingine. Hapo ndipo Mwana Esha alipoanza kuumwa tumbo kama mimi. Akakonda, siku zake zikavurugika, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Mama akasema ni dalili ya mimba. Mwana Esha alimtazama tu. Kesho yake baba yake alikuja kutoka Kipungani, akamwona. Kisha akaniita nje.

"Namtukua mwanangu akapumue," alisema Bwana Famau. "Sina ugomvi nawe. Lakini kusi likimalizika nataka kuyua. Ima wamweka kama mke, ima wampa ruhusa yake. Mtoto wangu si mkeka wa kukunjwa ukawekwa ukutani."

Akaondoka naye. Nikarudi ndani nikanywa zamu yangu ya kombe, na kwa kuwa hakuwapo, nikanywa na ya kwake.

Mkono uliniangukia wiki mbili baadaye, barazani, baada ya Ijumaa. Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa. Sikuhisi maumivu hata kidogo. Kiganja kililala tu, kahawa ikamwagika kwenye kanzu, na kikombe kikabiringika mpaka miguuni pa mtu. Nilijaribu kukiinua kiganja, kikakataa. Watu wote wakakitazama kile kiganja. Kisha mmoja wao, jirani ambaye hatukuwahi kupendana, akakiokota kikombe, akakipangusa, akaanza kuzungumzia bei ya papa mkavu kana kwamba ndilo lililokuwa likizungumzwa tangu mwanzo. Sijui kama anajua alinitendea wema gani.

Fundi asiye na mkono si fundi. Hilo ndilo lililonipeleka hospitali ya serikali. Tumbo, mke na mtoto havikunipeleka, na aibu yangu niipokee mwenyewe.

Huko watu hungoja kwenye benchi refu nje ya ukuta, wanaume upande mmoja, wanawake nyuma ya pazia la turubai. Kuna harufu ya dawa ya madonda na ya samaki, kwa kuwa wavuvi huja na vikapu vyao. Jumatatu ya kwanza sikuitwa. Ya pili niliitwa, nikaondoka kabla sijaingia, kwa sababu aliyekuwa mbele yangu alisomewa ugonjwa wake kwa sauti ya kumfikia kila mtu. Jumatatu ya tatu mzee mmoja mwenye donda la mguu aliniambia, "Bwana, shika nafasi yangu, mimi donda langu halina haraka, lina miaka tisa." Nikacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi, nikaingia.

Daktari alikuwa Mhindi, mwenye miwani na Kiswahili cha taratibu. Hakuugusa mkono wangu kwanza. Alinitazama usoni, kisha akasema nifungue kinywa, akainua mdomo wa juu kwa kidole.

"Kazi yako?"

"Kutia bati."

"Bati peke yake?"

"Bati peke yake."

Akachukua kioo kidogo, akanionyesha ufizi wangu. Kwenye mizizi ya meno palikuwa na mstari wa samawati iliyokolea, mwembamba, kama uzi. "Bati halifanyi hivi," alisema. "Hii ni risasi."

Nilimwambia kwamba mimi ni fundi mwana wa fundi. Nilisema kwa ukali. Hakubishana. Aliniuliza nakula nini, nakunywa nini, katika vyombo gani. Nikamtajia ukwaju. Nikamtajia ndimu. Alipouliza kombe linakaa wapi nikamweleza habari za bakuli, na niliposikia sauti yangu mwenyewe ikijisifu, nikaacha katikati.

"Kitu kichachu hula risasi," alisema. "Halafu wewe unakunywa."

Nikauliza nikitazama sakafu, "Na watoto?"

"Huingia huko pia. Kwa mwanamume huharibu mbegu. Kwa mwanamke mwenye mimba hufika kwa mtoto. Ukiacha, mwili huenda ukarudia kazi yake. Siahidi." Akanipa chumvi ya haluli ya kufungua tumbo na chupa ya dawa chungu, akanifunga mkono kwenye kibao, akasema ninywe maziwa, nisikaribie moto wangu.

Nilikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilitoa kijiti cha bati langu, nikakishika kwa meno na mkono wa kushoto, nikakikunja nikitega sikio. Kimya. Nilijua kitakuwa kimya, nilikitengeneza mwenyewe. Juu ya boriti palikuwa na kipande kimoja alichokiacha baba. Hicho kililia. Kisha nikafunua bakuli. Pale kombe lilipokuwa likifika, mng'ao ulikuwa umekwisha. Palikuwa na duara la kijivu, butu, limeliwa, na juu ya duara lile bado bakuli lilimetameta. Kilichokosekana pale kilikuwa ndani yetu.

Nikafikiria birika la ukwaju. Nikafikiria vyombo vya harusi kwenye zidaka, na mwaka wa kwanza, na kile kifurushi cha kitambaa.

Mwalimu Shee alinisikiliza mpaka mwisho, akalia. Niliogopa amekasirika. Akasema, "Maneno hayakukudhuru, mwanangu. Bakuli umelileta weye." Mama alipoambiwa aliingia chumbani kwake, na tangu siku hiyo hajashika ndimu.

Kusi lilikuwa linakaribia mwisho. Nilikwenda Kipungani kwa miguu, nikapumzika mara nyingi njiani, nikafika adhuhuri. Mwana Esha alikuwa uwanjani ameketi juu ya kipande cha mkeka, anasuka ukili. Nilishtuka nilipomwona. Alikuwa amenawiri, mashavu yamerudi. Miezi minne mbali na vyombo vyangu ilikuwa imemtosha.

Aliutazama mkono wangu uliofungwa kibao. "Umekuya na mkono huo?"

"Nimekuja na maneno," nikasema, na nikamwambia yote. Sikumpunguzia. Nilimwambia kwamba tumbo lake halikuwa na kosa hata siku moja, kwamba miaka yote ile alikandwa na kuvukizwa kwa ajili ya kosa langu, na nilikaa kimya. Nilimwambia juu ya birika na sufuria za harusi.

Vidole vyake vilisimama. Sikuwahi kuviona vikisimama.

"Kwa hiyo yule mwanangu alikunywa kwangu," alisema polepole, "nami nalikunywa kwako."

"Ndiyo."

Alinyanyuka akaniacha pale. Nilisikia sauti yake nyuma ya nyumba, na haikuwa sauti ya kulia, ilikuwa sauti ya mtu anayepiga kitu kwa fimbo. Bwana Famau alitoka, akanitazama, akarudi ndani. Nilikaa juani. Nilitaka anifukuze. Ingekuwa rahisi zaidi.

Aliporudi, hakuniuliza habari ya talaka wala ya kurudiana. Aliuliza, "Na zombo za watu?"

"Vyombo gani?"

"Za Amu. Za Faza. Za Kiwayu. Kila nyumba waliokusifu. Wajawazito wapikiwa humo, Athumani. Weye wakaa hapa wangoja nikusamehe, na wao waendelea kula?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nasema kweli, nilikuwa nimejaa msiba wangu mpaka sikuona nyumba ya pili. Nikamwambia watanipiga mawe, na jina la baba litaoza.

"Zirudishe shaba tupu," alisema. "Ukisharudisha zote, uye unitukue. Kabla ya hapo sirudi. Babangu nitamwambia asubiri."

Nilipoinuka akaniambia ningoje. Alichukua ukindu, akasuka pale pale kitu kama bangili pana, akanifungua kibao na kunivika, kiganja kikakaa sawa bila kuchubuka. Alifanya hayo bila kunitazama. Nimekihifadhi.

Basi nikaanza kubisha hodi. Watu wa mji huu wananijua, kwa hiyo mnaweza kuuliza nani alinitukana na nani alinipa maji. Bibi mmoja alinifokea nyuma ya mlango, "Wewe mwenyewe ulisema yang'aa kuliko zote!" Wengine walidhani nina wazimu, wengine kwamba natafuta kazi. Kwa aliyekubali, nilibeba sufuria mpaka ufukweni, nikavua viatu, nikaingia na mchanga mbichi wa bahari ili vumbi lisiruke, kama daktari alivyoagiza, nikasugua. Mkono ulikuwa umekufa, lakini miguu ilikuwa mizima. Niliusugua mng'ao wangu wote, sufuria baada ya sufuria, nikayafukia yale matope mbali na visima, mpaka nyayo zikatoka malengelenge. Vyombo vilirudi kwa wenyewe vikiwa vyekundu, na nikawaomba wapikie vyungu vya udongo mpaka mkono wangu upone nivitie bati safi.

Faza nilikwenda mara tatu. Katika nyumba moja mwanamke alinitolea birika kwa mlango ulioachwa wazi nusu. Niliambiwa mimba zake tatu zilitoka.

"Ndilo hili?" akauliza.

"Sijui, Bi."

"Ungeyua, ungenambia?"

"Ningekwambia."

Akafunga mlango. Yule ndiye huja kwangu nikifumba macho, ingawa sikuuona uso wake. Sitajua kamwe. Wenzangu, kuna ugonjwa unaokwisha mwilini na ukabaki katika nyumba za watu.

Tumbo liliniacha baada ya kaskazi moja. Mstari wa ufizi ulififia. Vidole viliinuka kimoja kimoja, kwanza cha kati, nikakionyesha kila mtu barazani kama bwana harusi. Nguvu nyingine nazo zilirudi, kwa wakati wake. Nilipomaliza orodha yangu nilikwenda Kipungani, na Mwana Esha alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake. Alisema alisikia kwa watu. Hakusema kwamba amenisamehe, na sikumwuliza. Siku nyingine hunyamaza mchana kutwa, nami najua yuko wapi, maana na mimi niko huko.

Nilivitia bati upya vile vyombo vyote, kwa bati linalolia. Sasa kuna vita huko bara, meli ni chache, na kijiti kimoja hutafutwa kwa miezi. Watu huniambia, Fundi, changanya kidogo tu. Wale wale niliowabishia hodi.

Mwana Esha ana mimba. Tulipoingia mwezi wa tano sikulala vizuri hata siku moja, na yeye alikuwa akiweka mkono tumboni na kutulia, akisikiliza kwa kiganja. Mwezi ule umepita. Sasa ni wa sita, na mtoto anacheza. Tunapikia chungu, tunakula kwenye mbao na kaure. Kwa mwanamume niliyemwandikia, haya ndiyo niliyo nayo: keti kwenye benchi lile, ukiulizwa kazi yako sema kweli, na usimwache mkeo anywe dawa ya ugonjwa wako.

Nilidhani nitamalizia hapo. Lakini juma lililopita kulikuwa na harusi mtaa wa pili, na adhuhuri tukaletewa chakula kama majirani, wali na samaki wa ukwaju, katika sinia lililofunikwa kawa. Mwana Esha alifunua, akanawa, akanyoosha mkono. Nikamshika kifundo. Sikujua kwa nini, mpaka nikasukuma wali kwa kidole. Chini yake, chini ya mchuzi, nikaona jicho langu likinitazama.

Sikuwa nalo katika orodha. Huenda lilitoka Kiwayu na bibi harusi, huenda niliwahi kulifanya na kulisahau, katika miaka ile ya kusifiwa.

"Ni lako?" akauliza Mwana Esha.

"Ni langu."

Alilifunika kawa, akanawa tena mikono mpaka kwenye viwiko. "Watu wangali hawayala," alisema. "Kimbia."

Nililiweka kichwani, mkono wangu mbovu ukilishikilia ukingoni, nikapita mitaani mchana kweupe nikikirudisha chakula cha harusi, jambo ambalo hapa kwetu halifanywi. Uwanja wa nyumba ile ulikuwa umejaa. Masinia yalikuwa yamepangwa kwenye mikeka, manne kati yake yakimetameta, na watu wamekwisha kuketi duara, wanangoja bismillahi. Nikasema wasile. Baba wa bwana harusi akainuka kwa hasira akaniuliza nina nini. Nikaomba mchanga na maji, nikamwaga wali wa sinia langu mbele yao wote, nikavua viatu.